Tulipoanza Kuuandika Mto

Mgonjwa anapolazwa wodini, jambo la kwanza tunalolifanya sisi wauguzi ni kumfungulia chati. Joto la mwili, mapigo ya moyo, pumzi. Asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Daktari akifika haulizi kwanza sisi tunaonaje. Hushika ile karatasi iliyo miguuni pa kitanda, akaangalia mistari inavyopanda na kushuka. Kipimo kimoja hakimwambii mengi. Vipimo vya siku 10 humwonyesha mgonjwa anaelekea wapi.

Kazi hiyo tumeifanya kwa zaidi ya miaka 20, na katika muda wote huo haikutujia akilini kwamba kijito tunachochota maji kila siku nacho chaweza kufunguliwa chati. Tumejifunza hivi karibuni tu, na tumejifunza kwa njia mbaya: kwa kumshona mama mmoja jeraha la panga.

UGOMVI BONDENI

Kijiji chetu kipo kwenye miteremko ya upande wa Soni, wilayani Lushoto. Wasomaji wa mbali wanaoijua Lushoto kwa picha hudhani huku hakuna shida ya maji. Milima ni ya kijani, asubuhi kuna ukungu, na anayepanda kwa basi kutoka Mombo huona maji yakiporomoka kando ya barabara. Ni kweli maji yapo. Lakini yapo kwa majira, na watu tumekuwa wengi, na yale mabonde yenye rutuba tunayoyaita vitivo, ambayo zamani yalilimwa kidogo kidogo wakati wa kiangazi, siku hizi hulimwa mwaka mzima. Kabichi, karoti, hoho, nyanya, vyote vinasubiriwa na malori ya Kariakoo. Kijana aliyemaliza shule asiye na kazi hununua pampu, hukodi robo eka bondeni, na humo ndimo inamotoka ada ya wadogo zake. Nani atamlaumu?

Mwaka 2022 mvua za vuli zilichelewa. Ndio mwaka ambao hata Dar es Salaam watu walipata maji kwa mgawo kwa sababu Mto Ruvu ulipungua. Huku kwetu, mwishoni mwa Oktoba, akina mama wa kitongoji cha chini waliamka saa 10 alfajiri kama kawaida, wakateremka na ndoo zao, wakakuta tope. Walipanda wakiufuata mto. Huko juu walikuta pampu 3 zikinguruma kwenye kidimbwi kimoja. Maneno yakaanza, mpira mmoja ukakatwa, panga likainuliwa. Mama aliyeletwa zahanati alikuwa na jeraha mkononi, na aliyemjeruhi alikuwa mtoto wa dada yake mwenyewe. Tulipokuwa tukimshona hakulia kwa maumivu. Alirudia tu, "Ni mwanangu yule, jamani. Ni mwanangu."

Mkutano uliitishwa kwenye ofisi ya kijiji, na afisa mmoja wa maji alialikwa. Mzee mmoja alisimama akasema mto huu hupungua kila kiangazi tangu yeye akiwa mtoto, na hakuna jipya. Mama mmoja akamjibu, "Shikamoo baba. Lakini mimi nimeolewa hapa mwaka 1988, sijapata kukuta tope." Vijana walisema pampu zao ni ndogo, hazina madhara. Wa upande wa msitu walisema wao hawahusiki. Kila mmoja aliukumbuka mto uliomfaa.

Yule afisa alisikiliza kwa saa nzima, kisha akasema kwa upole, "Wazee wangu, mama zangu, nimewasikia wote. Sasa naomba kumbukumbu. Mwaka jana tarehe kama ya leo, maji yalikuwa kiasi gani?"

Kimya.

"Basi mimi nitaandika nini kwenye taarifa yangu?"

Tulirudi nyumbani tukiwa na aibu kidogo. Katika zahanati yetu mtoto hapimwi uzito bila kadi. Na huu mto, unaonywesha vitongoji 4 na kumwagilia mashamba yasiyohesabika, hauna hata mstari mmoja ulioandikwa juu yake.

UBAO WA RANGI

Hapana budi tueleze kidogo jinsi mambo haya yalivyopangwa. Mito ya kwetu iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Ofisi ya bonde hilo ilianzishwa mwaka 1991, na husimamia pia mito ya Umba, Zigi na Msangazi. Tanzania Bara ina mabonde 9 ya namna hiyo. Bodi ndizo zenye vituo rasmi vya kupimia mito, na ndizo zinazotoa vibali vya kutumia maji kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Mama anayechota ndoo kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali. Anayeweka pampu ya kumwagilia au kuchimba mfereji anakihitaji. Lakini kituo rasmi hakiwezi kuwekwa kwenye kila kijito cha Usambara, na wataalamu hawawezi kulala kwenye kila kijiji.

Kwa hiyo umoja wa wanawake wa usharika wetu ulichanga. Akina mama wa Kiislamu majirani zetu walichanga pia, na ni vizuri ijulikane kwamba wao ndio waliotoa saruji. Tulinunua bati nene la urefu wa mita 1 na nusu. Fundi rangi akalichora sentimita kwa sentimita kama rula ya shule, akaandika tarakimu kubwa kila baada ya sentimita 10. Likafungwa kwenye chuma, chuma kikajengewa chini kwa saruji.

Tulitaka kuuweka ubao huo pale tunapochotea maji, kwa sababu ni karibu. Afisa akakataa kabisa. Alisema pale watu hukoroga maji, watoto hupanga mawe, ng'ombe hukanyaga. Leo sentimita 20 itakuwa na maana moja, kesho nyingine. Alitupeleka juu kidogo, mahali ambapo maji hutulia kabla ya kupita juu ya kizingiti cha mwamba. Mwamba hauhami. Maji yakiongezeka, hupanda nyuma ya kizingiti; yakipungua, hushuka. Alama ya sifuri iliwekwa chini ya kimo cha chini kabisa tulichokiona kiangazi kile, ili isitokee siku ubao ukawa unaning'inia hewani. Kisha akatuambia tupake alama ya rangi kwenye mwamba pembeni, juu kabisa ya maji, na tuandike ni sentimita ngapi kutoka alama hiyo hadi sifuri ya ubao. Wakati huo tuliona ni kujisumbua bure.

Kusoma kwenyewe ni kazi ya dakika 2. Unasimama, unainama hadi macho yako yakaribie usawa wa maji, unasoma pale maji yanapogusa ubao. Kukiwa na viwimbi unachukua kati ya juu na chini. Unaandika tarehe, saa, namba, na kama kuna mvua au maji yamebadilika rangi. Tulichagua saa 3 asubuhi na saa 11 jioni. Zamu zilipangwa kwa nyumba, na daftari, kauntabuku la kawaida, hukaa kwa mama anayeishi karibu na daraja la miti.

NDOO NGAPI KWA SEKUNDE?

Kimo cha maji peke yake ni kama joto la mwili: kinaonyesha hali, hakionyeshi kiasi. Ili kujua maji mangapi yanapita, lazima ujue upana wa mto, kina chake, na mwendo wake. Wataalamu hutumia kifaa chenye propela ndogo inayozungushwa na maji. Sisi tulitumia chungwa. Chungwa ni zuri kwa sababu huelea likiwa karibu lote ndani ya maji, upepo haulisukumi, na likipotea mtoto hulifuata kwa furaha.

Tuchukue mfano wa siku moja ya masika. Mto ulikuwa na upana wa mita 2 na kina cha wastani wa sentimita 30. Chungwa lilisafiri mita 10 kwa sekunde 20, yaani nusu mita kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mawe, huzidishwa kwa 0.8, ikabaki 0.4. Zidisha mara upana, zidisha mara kina: tunapata mita za ujazo 0.24, ambazo ni lita 240. Ndoo 12 za lita 20, kwa kila sekunde moja!

Siku moja ya kiangazi mahali hapo hapo upana ulikuwa mita 1 na nusu, kina sentimita 10, na chungwa lilijikokota mita 10 kwa sekunde 40. Hesabu ile ile ikatoa lita 30. Ndoo moja na nusu.

Tafadhali msomaji, rudia kuzitazama namba hizo. Kina kilishuka kutoka 30 hadi 10, mtu wa kawaida atasema mto umebaki theluthi. Sivyo. Umebaki sehemu moja ya nane. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini akina mama walikuwa wakilia huku wanaume wakisema "mbona maji bado yapo?" Macho hudanganywa. Na pampu ndogo ya inchi 2, yule afisa alituambia, huweza kuvuta lita 5 hadi 8 kwa sekunde. Wakati wa masika hata 3 kwa pamoja hazionekani. Zikitiwa kwenye mto wa lita 30, nusu ya maji au zaidi imekwenda shambani.

Ukirudia kupima kwa chungwa siku mbalimbali, maji yakiwa mengi na yakiwa machache, waweza kutengeneza jedwali lako: ubao ukisoma hivi, ndoo ni ngapi. Baada ya hapo chungwa unakula, unasoma ubao tu.

NAMBA ZA NYUMBANI

Msifikiri kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Mwezi Aprili 2023 tulipofungua daftari tulikuta siku 9 mfululizo zimeandikwa 41. Asubuhi 41, jioni 41. Mvua ilikuwa ikinyesha kila usiku! Ilijulikana kwamba bibi mwenye zamu alikuwa na mafua, akamtuma mjukuu wake, na mjukuu akaona njia ina utelezi, akaandika akiwa jikoni.

Wenzetu wengine walikasirika sana. Sisi tulinyamaza, maana tulikumbuka chati tulizowahi kuziona kwenye wodi, wagonjwa 20 wote wana joto la 36.8 saa 12 asubuhi, na muuguzi wa zamu ya usiku macho yamevimba kwa usingizi. Hatusemi ni hospitali gani, na hatusemi muuguzi yule hakuwa sisi. Tulimwita yule binti, tukamwomba jambo moja: akishindwa kufika aache nafasi tupu. Nafasi tupu inasema "sikuwepo". Namba ya jikoni inamdanganya mtu atakayesoma miaka 30 ijayo. Siku zile 9 zimepigwa mstari mwekundu, na binti huyo leo ndiye msomaji wetu hodari kuliko wote.

Tabia hii ya kuandika maji si ngeni duniani. Kule Cairo, kwenye kisiwa cha Roda, lipo shimo lenye nguzo ya mawe yenye alama, lililojengwa mwaka 861, ambamo kimo cha Mto Nile kilisomwa ili kujua kama mwaka utakuwa wa shibe au wa njaa, na kodi ikakadiriwa kwa kimo hicho. Karibu zaidi na kwetu, Ziwa Victoria limekuwa likiandikwa tangu mwaka 1896. Kwa sababu ya daftari hizo tu tunajua kwamba kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na watu wa mwambao walipofurikiwa mwaka 2020 iliwezekana kusema kwa hakika kwamba kimo cha 1964 kilikuwa kimefikiwa tena. Bila daftari, wazee wangebishana.

Nako Kenya, kwenye bonde la mto Sondu-Miriu, watafiti waliweka mbao 13 mwaka 2016, wakawaomba wapita njia wasome na kutuma namba kwa ujumbe wa simu. Watu zaidi ya 100 walituma. Ila wengi walituma mara moja au mbili wakachoka, na sehemu kubwa ya kazi ilibebwa na wachache waaminifu. Tulipoyasikia hayo tulicheka, kwa sababu ndivyo ilivyo pia kwenye kwaya.

JUMAPILI MTO HUPANDA

Kiangazi cha 2023 ndicho kilichotupa majibu. Kuanzia Julai tuliona asubuhi ubao unasoma, tuseme, 17, na jioni 13. Kesho yake asubuhi umerudi 16. Hivyo hivyo kila siku ya kazi. Lakini Jumapili jioni haukushuka. Ijumaa ulishuka kidogo tu. Mama mmoja asiyejua kusoma vizuri ndiye aliyeligundua jambo hilo, alisema, "Mto wetu una dini zote mbili."

Hakukuwa na haja ya mtaalamu. Pampu zikipumzika, mto hupumzika. Tulipeleka daftari kwenye mkutano wa kijiji, na safari hii hapakuwa na kelele. Vijana walilishika wenyewe, wakafungua ukurasa kwa ukurasa. Mmoja wao, yule yule wa panga, alihesabu kwa kidole, kisha akasema kitu ambacho hatukukitarajia: kwamba hata wao wanapata hasara. Pampu 3 zikiwashwa pamoja, kidimbwi kinakauka baada ya saa moja, wanakaa wakisubiri huku petroli imeliwa na kabichi za mwisho wa tuta zimekauka.

Wakapanga zamu. Pampu moja kwa wakati mmoja, na hakuna kuwasha kabla ya saa 3 asubuhi, akina mama wakiwa wameshachota. Kwenye ubao wakachora wao wenyewe mstari mwekundu penye 12. Maji yakifika chini ya mstari, pampu zote zinazimwa, hata kama mtu ana hoho zinazochanua. Septemba 2023 mstari ulifikiwa siku 6. Siku 5 ulitiiwa. Siku ya sita mtu alifuatwa shambani na wenzake, si na sisi. Wakati huo huo wameanza kuzungumzia jumuiya ya watumia maji na kuomba vibali kwa pamoja, na hilo bado liko njiani.

MIKARATUSI YETU

Tungependa makala yaishie hapo, lakini daftari lilisema na jambo jingine. Hata Jumapili, pampu zikiwa zimelala, namba ilikuwa ikishuka wiki hadi wiki kuanzia Juni. Afisa alituambia tusishtuke: kila mto hushuka kiangazi, kwani hunyweshwa na maji yaliyoingia ardhini wakati wa masika. Ila alitushauri tupande juu tuzipime chemchemi mbili zinazoanzisha kijito. Njia ni rahisi, unakinga ndoo ya lita 20 na kutazama saa.

Chemchemi ya upande wa msitu ilijaza ndoo kwa sekunde 25. Ile ya pili ilichukua dakika 1 na sekunde 40. Wazee walisema zamani zilikuwa sawa. Lakini hiyo ni kumbukumbu ya mdomo, na sisi tumeshaonja kumbukumbu za mdomo. Kilichokuwa dhahiri ni kilichosimama juu ya chemchemi ya pili: mikaratusi, minene, mirefu, mingine haifiki hatua 20 kutoka penye maji. Ni ya usharika wetu. Tuliipanda sisi, tukiwa wasichana wa shule ya Jumapili, tukiimwagilia kwa makopo kutoka kwenye chemchemi ile ile, ili siku moja iuzwe kwa ajili ya paa la kanisa.

Mkaratasi hukua haraka kwa sababu hunywa haraka, na mizizi yake huenda mbali. Penye udongo mkavu au ardhi ya kinamasi isiyotakiwa unaweza kufaa. Juu ya chemchemi, la hasha. Huku Lushoto wakulima wamelilalamikia jambo hili kwa miaka mingi. Aidha Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwa hiyo sisi tuliokwenda kuwashtaki vijana tulijikuta tumesimama kizimbani pamoja nao.

Baraza la wazee wa kanisa lilikaa mara 3. Wapo waliosema miti ni mali ya Mungu, na paa linavuja. Wapo waliosema maji nayo ni mali ya Mungu. Mwanzoni mwa 2024 ilikatwa 23, ile iliyo karibu zaidi, na nguzo zikauzwa. Mahali pake tumepanda mikuyu, mishai na migomba. Visiki vya mikaratusi huchipua tena, kwa hiyo kila mwezi watu wawili hupita na panga kukata machipukizi. Je, chemchemi imeongezeka? Imeongezeka, lakini mwaka huo ulikuwa wa mvua nyingi mno, na hatuwezi kuwapa sifa miche ambayo haijafika magotini. Tutajua baada ya viangazi kadhaa.

MAFURIKO NA KITABU CHA MTUHA

Mvua hizo za El Nino zilianza vuli ya 2023. Usiku mmoja wa Novemba mto ulinguruma hadi tukatoka nje na tochi. Asubuhi ubao haukuwepo, wala chuma chake. Hapo ndipo tuliposhukuru ile alama ya rangi kwenye mwamba. Ubao mpya uliwekwa kwa kuipima kutoka alama hiyo, sifuri ikarudi pale pale ilipokuwa, na namba za zamani na mpya zikaendelea kuzungumza lugha moja. Kimo cha mafuriko tulikipata kwa kufuata mstari wa tope kwenye shina la mkuyu: sentimita 212. Mchanga ulikuwa umejaa mtoni, ikatubidi turudie kazi ya machungwa.

Kuna jambo la kiuguzi tulilolikuta katika hayo yote. Tuliweka kitabu cha MTUHA cha wagonjwa wa nje kando ya daftari la mto. Watoto wenye kuharisha walikuja kwa wingi katika nyakati mbili: ubao ulipokuwa karibu na mstari mwekundu, maana watu huchota kwenye vidimbwi pamoja na mifugo na hakuna maji ya kunawa, na siku chache baada ya mvua kubwa ya kwanza, uchafu wote wa miteremko uliposombwa kuingia mtoni. Kwa hiyo siku hizi namba ikishuka hadi 15, au ikipanda ghafla na maji kuwa ya kahawia, mwenye zamu hupiga simu zahanati. Sisi huhesabu pakiti za ORS na vidonge vya zinki, na akina mama hupashana habari: maji ya kunywa yachemshwe. Mtoto akianza kuharisha apewe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kidogo kwa kijiko, aendelee kunyonya, na aletwe ili apate zinki ya siku 10 hadi 14.

Maji ya kijito chetu hushuka Soni, huteremka hadi mashamba ya mpunga ya Mombo, huingia Mkomazi, kisha Pangani, na huko chini huzungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyofunguliwa 1964, na ya New Pangani Falls ya 1995. Wa Mombo nao wana wake zao na ndoo zao. Mwezi uliopita walituma watu wawili kuja kuutazama ubao wetu. Waliandika urefu wa bati na bei ya rangi.

Zamu ya wiki hii asubuhi ni ya yule mama mwenye kovu mkononi, na ya jioni ni ya mtoto wa dada yake. Hupeana daftari kwenye daraja la miti. Jana lilisoma 33 asubuhi na 33 jioni, na tulikwenda kuhakikisha, ilikuwa kweli. Mikaratusi 11 bado imesimama, na baraza la wazee litakaa tena baada ya mavuno.